Kigari kilichomrudisha kijana gereji

Jumamosi moja ya Januari, nyuma ya nyumba moja ya Mabatini jijini Mwanza, baba wa miaka 44 alikuwa amepiga magoti juu ya jabali, akikodolea macho kigari cha rimoti chenye urefu wa nusu mita hivi. Kigari kilikuwa kinajaribu kupanda ufa ambao kuku wa jirani huupanda kila siku. Kilifika nusu, kikanyanyua tairi moja la mbele, kikayumba, kikaanguka chali. Matairi yakabaki yanazunguka hewani.

"Si ulisema umeshakitengeneza, Baba?" aliuliza binti yake wa darasa la pili.

Hakuna aliyemjibu. Baba huyo ni fundi wa magari, na kazi yake hasa ni ya chini ya gari: springi, shokapu, bushi. Gereji yake ipo Nyakato. Daladala za Hiace na malori ya mchanga humfuata kutoka mbali, kwa sababu akikufungia springi unasahau kama una springi. Kushindwa na kigari cha kilo tatu mbele ya watoto wake halikuwa jambo dogo kwake.

Mwenye kigari, kijana wa miaka 14 aliyepo kidato cha pili, alikuwa amesimama hatua kama tano nyuma ya baba yake. Hakusema neno. Hizo hatua tano hazikuanza siku hiyo. Zilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Nati namba 19

Alipokuwa na miaka 11, kijana huyo alikuwa habanduki gereji. Akitoka shule anaingia na sare zake, anashika tochi, anapanga spana kwa namba. Siku moja alipewa nati nne za shokapu ya lori azishike. Akaangusha moja kwenye shimo la gereji, ikapotelea ndani ya maji machafu yaliyochanganyika na oili. Mwenye lori alikuwa amesimama pale pale, akiangalia saa. Baba akampiga kofi. Moja tu, mbele ya mafundi wengine na mteja.

Baba alilisahau kofi hilo kabla jua halijazama. Nati ya kufanana nayo ilipatikana dukani kwa bei ya soda, lori likaondoka. Kijana hakulia wala hakununa. Siku iliyofuata alisema ana kazi nyingi za shule. Wiki iliyofuata akasema hivyo hivyo. Tangu hapo gereji ikawa mahali anapopeleka chakula cha mchana: anasalimia, "Shikamoo Baba", anaweka hotpoti juu ya tairi bovu, anaondoka.

Mama aliona. Aliwahi kumwambia mumewe, "Baba watoto, huyu mtoto anakuogopa." Akajibiwa kwamba mtoto kumwogopa baba yake ndiyo heshima yenyewe. Wapo wengi wanaosema hivyo, na mtoto akishakuwa mkubwa wanashangaa kwa nini mambo yake yote wanayasikia kwa watu wa nje.

Kigari kutoka Muscat

Kigari kililetwa na mjomba, kaka yake mama, anayefanya kazi Muscat. Oman ina milima ya mawe matupu, na siku za mapumziko watu hupenda kwenda na magari makubwa kwenye mabonde makavu ya huko. Mfanyakazi mwenzake mjomba alikuwa na kile kidogo cha kuchezea mchezo huo huo, na alipokuwa anarudi kwao akakiuza kwa bei ya kutupa. Mjomba akakiviringisha ndani ya nguo na kuja nacho likizo ya Desemba.

Kwa mzazi asiyevijua, hivi si vile vigari vya kukimbizana sebuleni. Ni vya kupanda miamba, na mwendo wake ni wa kinyonga. Kampuni za Marekani kama Axial na Traxxas zinajulikana sana kwa kuvitengeneza, na kipimo kinachopendwa ni cha moja kwa kumi, yaani gari halisi la mita 4 na nusu linakuwa sentimita 45. Ndani kuna ekseli nzima mbele na nyuma, difu, giaboksi, propela shafti, na shokapu nne za mafuta zenye springi kwa nje. Kila kitu anachokijua fundi wa Nyakato kimo, ila kinaingia kwenye begi la shule.

Kwenye hiki, shokapu ndizo zilikuwa zimekufa. Mafuta yalishavuja yote, springi za nyuma zimelala, moja ya mbele imepinda. Kikigonga jiwe kilidunda kama mpira.

"Hii ni nusu saa tu," alisema baba, akakichukua bila kumuuliza mwenye nacho.

Alichukua waya wa chuma cha springi wa milimita 1.2 uliokuwa umekaa kwenye kopo gereji, akauzungusha kwenye bolti nyembamba kidogo kuliko kipimo alichotaka, kwa sababu springi ukiiachia hutanuka. Akatoa nne zinazofanana kama mapacha. Kazi nzuri kweli, mafundi wenzake walizishika wakasifu. Kisha akajaza shokapu oili ya injini namba 40, ambayo ndiyo iliyokuwa karibu.

Kigari kikasimama imara. Kikawa imara mno. Ukikipandisha tairi moja juu ya tofali, kiliinama chote kama meza iliyowekewa kijiti chini ya mguu mmoja. Springi hazikukubali kubonyea. Kupanda mwamba kunataka kinyume chake: tairi hili liingie shimoni, lile lipande jiwe, na yote manne yaendelee kugusa chini. Tairi lililoko hewani linazungusha upepo tu.

Siku chache baadaye ikawa mbaya zaidi, shokapu zikagoma kabisa. Zile oringi ndogo zinazozuia mafuta kwenye vigari hivi mara nyingi ni za mpira wa silikoni, na mpira huo ukikaa kwenye oili ya injini hufura. Zilikuwa zimevimba mpaka fimbo ya shokapu haipiti tena. Ndiyo sababu vigari hivi huwekewa mafuta ya silikoni. Mafuta hayo hayaidhuru oringi, na uzito wake haubadiliki sana kati ya asubuhi yenye baridi na mchana wa jua kali.

Ilikuwa katika hali hiyo ambapo kilipelekwa kwenye jabali ile Jumamosi.

"Hakina mzigo"

Jioni yake kijana alisema jambo alilokuwa nalo wiki nzima. Hakumwambia baba. Alimwambia mama, jikoni, kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni.

"Baba amekifunga kama Hiace. Hiace ina abiria. Hiki hakina mzigo."

Sebuleni kukawa kimya. Kisha baba akanyanyuka, akakibeba kigari kwapani, akaenda duka la jirani na kukiweka kwenye mizani ya sukari. Kilo 3 na gramu 100, pamoja na betri. Akarudi anapiga hesabu: kila tairi halibebi hata gramu 800. Na yeye anajua, maana ndiyo kazi inayomlisha, kwamba ukitoka waya wa milimita 1 kwenda 1.2, ugumu wa springi hauongezeki kidogo, unakuwa mara mbili. Alikuwa amekifungia kitu kisicho na mzigo springi za kubebea gunia.

Kukiri mbele ya mtoto ni kazi nyingine. Hakukiri. Kesho yake alimpigia shemeji yake Muscat, akamwagiza springi laini, oringi na mafuta ya silikoni.

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Siku mbili kabla, kijana naye alikuwa amempigia kwa simu ya mama, akiomba shokapu ndefu zaidi. Watu wawili wanaolala nyumba moja walikuwa wanapitisha maneno yao Oman ili yasikutane sebuleni.

"Kwani ninyi huko hamuongei?" aliuliza mjomba.

Baba akasema mtandao unakata.

Mzigo uliingia wiki tatu baadaye kwa mkono wa msafiri, halafu kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na shokapu nne za milimita 110 alizotaka kijana, springi za aina tatu, yaani laini, za wastani na ngumu kidogo, kipakiti cha oringi na kichupa cha mafuta. Mjomba hakubagua. Aliwanunulia wote wawili.

Nyuzi tano

Zile ndefu zilikuwa kosa la kijana. Shokapu za zamani zilikuwa za milimita 90, na kwenye video alizokuwa anaangalia, vigari virefu ndivyo vilivyopendeza. Ijumaa usiku alizifunga mwenyewe chumbani. Kigari kikainuka karibu sentimita 2, kikawa na umbo la kiume. Asubuhi alikipeleka kwenye jabali, na mara tu kilipopita kwa ubavu kwenye mteremko, kikajilaza. Akakisimamisha. Kikajilaza tena.

Baba alikuwa anatazama kutoka mlango wa nyuma. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mama anasema aliyaona kabisa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa bado na zile springi za gunia mfukoni mwa ovaroli. Akaingia stoo akatoka na ubao.

"Lete kile cha kupimia pembe," alisema.

Kijana akaleta kipimapembe kutoka kwenye mkebe wake wa hesabu. Wakakilaza kigari kwa ubavu wa ubao, baba akawa anauinua upande mmoja polepole, kijana anasoma. Kwa shokapu za milimita 110 kilipinduka kwenye nyuzi 38. Wakarudisha za milimita 90, bila mafuta, springi peke yake. Kilipinduka kwenye nyuzi 43.

"Nyuzi tano," alisema kijana. Alimwambia baba, si mama.

Baba akaeleza kuhusu malori ya mkaa, yale yanayopakiwa mpaka juu ya kabati, na jinsi yanavyolala kwenye kona ambazo lori la mchanga linapita bila shida. Tani ni zile zile, ila zimekaa juu. Alieleza kwa muda mrefu. Kijana aliuliza maswali mawili. Shokapu ndefu zikarudi kwenye boksi, na hakuna aliyesema "nilikwambia", kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake kitu.

Chini ya meza

Jumapili mchana walitandika gazeti kwenye meza ya chakula. Mpango ulikuwa kutumia shokapu zile zile za zamani, ila ndani ziwe mpya.

Pistoni ya shokapu hizi inashikwa kwenye fimbo na kibana cha umbo la herufi E, kidogo kuliko punje ya mchele. Kijana alikisukuma kwa ncha ya bisibisi. Kikaruka. Kikagonga kitu mahali fulani, kisha kimya.

Kijana hakukitafuta. Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama mkono wa kulia wa baba yake. Uso hakuutazama. Aliutazama mkono.

Baba naye akautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika kitambaa tu. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, na anasimulia kwamba pumzi ilimkatika. Kwa mtu ambaye kwa kawaida hujibu kabla hujamaliza swali, mumewe alikaa kimya muda mrefu sana.

Kisha akapiga magoti, akaingia chini ya meza.

"Lete tochi," alisema. "Na ile sumaku ya spika."

Walitafuta karibu nusu saa, binti mdogo naye akiwa katikati akiburuta sumaku kama ng'ombe. Huko chini, akiwa amempa kijana mgongo, baba alisema, "Ile nati ya lori. Sikupaswa kukupiga."

Kijana alikaa kidogo.

"Ilikuwa namba 19," alijibu.

Kibana kilipatikana ndani ya kandambili ya binti.

Jinsi kilivyofungwa

Kuanzia hapo kijana ndiye aliyekuwa fundi. Shokapu nyingi za gari kubwa huja zimezibwa kutoka kiwandani, ikifa, unaitupa. Hizi unazijaza mwenyewe, na kuna namna yake. Fimbo inavutwa mpaka chini, mafuta yanamiminwa mpaka karibu na mdomo, halafu unapandisha na kushusha pistoni polepole mpaka viputo vya hewa vitoke. Unaisimamisha dakika kumi. Kabla ya kufunga kifuniko unaiingiza fimbo kiasi, mafuta ya ziada yamwagike, kwa sababu fimbo ikirudi ndani inataka nafasi na mafuta hayabonyei. Baba alifunga ya kwanza fimbo ikiwa nje, ikawa ngumu kama jiwe. Kijana akaifungua, akamwonyesha tena. Mama aliwaacha, wali ukapoa.

Springi laini ziliwekwa mbele, za wastani nyuma. Kilipowekwa chini, kigari kililala kwa uzito wake kama theluthi moja ya safari ya shokapu. Baba hakupenda. Kwake gari lililolala ni gari la kupelekwa gereji. Lakini safari hii aliuliza kwanza, akaelezwa: kama kimesimama juu kabisa, tairi halina pa kushukia linapokuta shimo.

Bado kulikuwa na tatizo moja, na hili lilimhitaji fundi wa Nyakato. Kikipanda ukuta mkali, bodi ilijisokota, upande mmoja wa nyuma ukazama na tairi la mbele la upande wa pili likanyanyuka. Kijana alidhani wamekosea mafuta. Baba alitambua mara moja. Ni nguvu ya propela shafti inayousukuma mwili wa gari, kama lori kuukuu linavyojipinda dereva akiondoka kwa gia ya kwanza kwenye mlima. Springi zikiwa laini, linaonekana zaidi. Akatoa springi moja kwenye ile kona inayozama, akaweka moja kati ya zile ngumu kidogo. Moja tu, tatu zikabaki vile vile. Wakaongeza washa za chuma ndani ya rimu ili uzito ukae chini.

Ufa wa kuku kilivuka mara ya tatu kujaribu. Betri iliisha giza likiwa limeshaingia, na watoto wa jirani wanne walikuwa wamekaa juu ya jabali wakisubiri zamu.

Baba hajawa malaika. Februari hiyo hiyo alimfokea kijana kwa sababu ya matokeo ya hesabu, mpaka majirani wakasikia, na kijana alikaa siku mbili bila kumsemesha. Siku ya tatu alikwenda kumuuliza kama gereji kuna bisibisi ndogo ya nyota.

Jumamosi moja ya Machi, akipeleka hotpoti, kijana alikuta Hiace imeinuliwa, fundi msaidizi hayupo. Hakuitwa. Aliweka chakula juu ya tairi, akakunja mikono ya shati, akaingia upande wa pili kushika shokapu baba akiifunga. Mwenye daladala alikuwa amesimama pale, anaongea na simu, anaangalia saa. Mkono wa kijana ukateleza kwa oili.

"Nati imeanguka shimoni," alisema kwa sauti, kabla hajaulizwa. Miguu yake haikusogea.

"Namba ngapi?"

"Kumi na saba."

Baba akamrushia tochi.